Shemeji Donatus na Majani ya Mashine ya Maji

Shemeji yangu Donatus Mageni hakuwa mvivu. Nalisema hili mapema kwa sababu mdogo wangu Scolastika, aliyeolewa naye, bado yu hai na ana mdomo. Donatus aliweza kushinda siku nzima chini ya injini, amejaa grisi mpaka masikioni, anapiga mluzi. Alichokichukia ni jembe. Akilishika tu, kiuno kinauma, halafu anakumbuka kuna mtu kijiji cha pili hajamjulia hali.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya maji ya kijiji chetu, upande wa Ushetu. Tuliletewa mwaka wa sabini na sita, baada ya kuhamishiwa vijijini. Ilijengewa kibanda, na mapipa ya dizeli yakapangwa ukutani. Kabla ya hapo tulifukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, tukigombania na ng'ombe. Mgongo wangu uliharibikia kule. Mashine ile niliipenda kuliko nilivyompenda marehemu mume wangu, Mungu anisamehe.

Mwezi wa sita bwana maji wa wilaya alikuja na pikipiki. Akatazama majani makavu yaliyofika dirishani, akatazama mapipa, akashika kichwa. Kiangazi kwetu pori huwaka kila mahali: huku wachungaji wanatafuta majani mapya, huku watoto wanawinda panya.

"Moto ukifika hapa hamna mashine," alisema. "Nikirudi wiki ijayo nikakuta majani haya, naing'oa, nawapelekea wanaoitaka."

Jioni ile Donatus alikuja kwangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeshakwatua yale majani?"

"Kiuno, shemeji."

"Kiuno chako kikiturudisha kule mtoni, nitakufunga kwenye hilo bomba uwe mfereji!"

Basi akaenda kuita ngoma. Kwetu Usukumani kazi kubwa ya jembe haifanywi kimya. Unaita chama cha ngoma, wanakuja na majembe yao, wanalima wakicheza, majembe yanarushwa juu na kudakwa, nawe unawapikia. Vyama ni viwili, Bagika na Bagalu, na tangu enzi za mababu hawawezi kukutana bila kushindana. Mtu mwenye akili huita kimoja. Donatus alimwita Nkwabi wa Bagika. Kisha akakutana njiani na Ngassa wa Bagalu, ambaye alinuna kwa kuachwa, na kwa kuwa Donatus hajui kumnyima mtu, akamwambia naye aje.

Wakaja, siku ileile. Bagika walianza upande wa mlango, Bagalu upande wa mapipa. Jua halijapanda, majani yote yamekwisha, kibanda kimebaki katikati ya udongo mweupe. Donatus akapiga makofi, akasema asanteni, chakula tayari. Hakuna aliyemsikia. Watu wa vijiji jirani walikuwa wamejaa kutazama, na katika mashindano yale anayeweka jembe chini kwanza ndiye aliyeshindwa.

Wakaendelea. Wakalima njia ya kwenda shuleni. Wakalima uwanja wa mpira, magoli yakaanguka. Bagalu wakaingia kwenye matuta ya viazi ya Donatus, viazi vikawa vinaruka juu pamoja na majembe, na watu wakashangilia. Donatus alikuwa akikimbia nyuma yao, amekumbatia viazi, anaita, "Ngassa, ng'wana wane, mwanangu, hapo si majani!" Bagika walipoona wenzao wanashangiliwa, wakamalizia karanga zake.

Kisha wakaelekea mihogo yangu. Nilitoka na mchi.

"Nkwabi! Jembe likigusa muhogo, mchi unagusa kichwa!"

"Wangaluka, mayu!" akaniamkia kama mama yake, akacheza, akaukwepa muhogo wa kwanza, na mstari mzima ukazunguka shamba langu kwa adabu. Nami, nikiri, niliupiga chini ule mchi kufuata ngoma.

Ndipo tulipoona moshi. Watoto walikuwa wamewasha pori kwa ajili ya panya, na upepo ulikuwa ukiuleta moto moja kwa moja kwetu. Watazamaji tulikimbia. Wachezaji hawakukimbia, maana nani atangulie kukimbia mbele ya mpinzani? Walisimama kwenye ukingo wakizidi kulima, wanakohoa, wanaimba. Moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukatafuta pa kushika, ukakosa, ukazimika. Mpaka leo Bagika wanasema ulizimikia kwao kwanza. Waulize Bagalu.

Bwana maji aliporudi alizunguka na pikipiki mpaka akachoka. Alisema hajawahi kuona mtu mwenye kuchukulia usalama wa mashine kwa uzito namna ile. Donatus alivimba kifua, amekonda tayari.

Kiangazi kile chote yeye, mdogo wangu na watoto wao walikula mihogo yangu. Nilimsema kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku alijibu, "Kweli, shemeji." Nikichoka kumsema natoka nje na ndoo, nafungulia bomba, maji yanatoka nimesimama wima. Basi narudi ndani, namwongezea ugali.