Upande Wako wa Sinia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Najua mnasomea humo humo simuni, lakini mmenielewa.

Enzi zetu Tabora, kula kulikuwa na sheria nyingi kuliko shule, na shule yenyewe mimi niliishia darasa la nne. Watoto wote sinia moja, mkekani, moshi wa kuni bado uko uani. Unanawa, unasema bismillahi, unakula upande wako. Mkono ukivuka kwa mwenzio, mama anaupiga kwa mwiko, wala hakatizi maneno yake. Nyama inakaa katikati, mnaitazama tu, mpaka mkubwa aigawe mwishoni. Siku moja kaka yangu Ramadhani aliuinua mfupa akasema, "Huu ni wa mwenye adabu," halafu akaufyonza mwenyewe. Mlenda uliteleza mpaka kiwikoni, unalamba, hakuna wa kukucheka. Na mtu akiumwa hakuulizwa. Ilijulikana pale pale, maana upande wake wa ugali ulibaki.

Sasa niko Garland, huku ughaibuni kwa mwanangu. Hamisi anaendesha lori, mkewe ni nesi wa zamu za usiku, mjukuu wangu Salma yuko shule. Mimi napika, nafunika sahani kwa karatasi ya bati, kila mtu anapasha yake kwa saa yake, anakula kwa uma, tena amesimama. Nami nazunguka mle ndani: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Niende wapi? Huku bila gari huendi hata kununua chumvi.

Mwaka ule kabla ya korona Salma akapata rafiki shuleni, Ayu, wazazi wake watu wa Indonesia. Basi nyumba ikageuka Jakarta. Mtandio ukafungwa kama wanavyofunga wasichana wa kule, nguo zikawa za mitumba, eti ndio mtindo. Baba yake nimemlea kwa mitumba, hakuna aliyempiga picha. Kahawa wanainywa na barafu, maziwa na sukari guru, wanakaa nayo mchana kutwa hawana shughuli, wanasema ndivyo vijana wa kule wanavyokaa. Nikamwambia Salma enzi zetu waliokaa hivyo walikuwa wastaafu.

Kisha kila Jumamosi akawa kwa Ayu. Akirudi, sahani yangu haigusi. Nikamuuliza kama siku hizi napika sumu. Mtoto huyu hunijibu Kiingereza siku zote, ila siku hiyo alijibu Kiswahili, ndiyo maana kikaniingia.

"Kule wanakula pamoja, Bibi. Hapa nakula na maikrowevu."

Wiki nzima sikutulia. Nikianza kukaa, nasimama. Jumamosi nikamwambia Hamisi anipeleke. Nikawakuta vijana wameketi sakafuni sebuleni, wametandika majani ya mgomba, yale ya kugandishwa ya maduka ya Waasia, wali umemwagwa juu yake kutoka huku mpaka kule, samaki wa kukaanga, pilipili ya kusaga. Wakanieleza kwa heshima kwamba vijana wa kwao ndivyo wanavyopenda kula siku hizi. Simu zikala kwanza, picha juu ya picha. Ndipo mikono ikaingia. Wali ukamdondoka Salma magotini. Ayu akamshika vidole akamwonyesha: kusanya, sukuma kwa gumba. Mjukuu wangu mimi, damu ya Tabora, anafundishwa kula kwa mkono na mtoto wa Jakarta.

Nilikaribishwa vizuri, nikala upande wangu, nikashukuru. Njiani kurudi nikawa nawaza sinia letu. Zamani nyama ilikuwa kidogo na wa kuigombea wengi. Leo friji imejaa, na nyumbani hakuna anayejua nani hajala.

Tulipofika, Mama Salma alikuwa anavaa aende zamu. Nikawasimamisha wote jikoni.

"Meza hii iende gereji leo hii. Mkeka utandikwe hapa. Kesho tunakula saa kumi, kabla Mama Salma hajatoka. Hamisi, ukiwa njiani na lori lako, upande wako utabaki tuuone. Salma, mwite na Ayu. Nyama nagawa mimi."