Daktari wa Chaki

Pale kwenye meza ya pool tunamwita Daktari, maana chaki yoyote iliyotoboka kwa kusuguliwa na ncha za fimbo lazima aitibu. Huichukua bila kuombwa, akaipiga msasa mpaka shimo lote liishe, akaipuliza kama anayepoza chai ya mtoto, kisha akatukaripia: “Chaki hupakwa, jamani, haichimbwi! Mnatafuta maji?” Vidole vyake vimekuwa vya buluu hadi kwenye kucha. Juzi alibakiza mpira mweusi tu anifunge. Akaitazama chaki yake aliyotoka kuisawazisha, akaifunga vizuri kwenye leso, akairudisha mfukoni. Halafu akaninyooshea mkono: “Shemeji, hebu nipe hiyo yako yenye shimo.”