Mate ya Bibi na Ugali wa Yanga

Mdogo wangu wa mwisho aliachishwa ziwa mwaka ule wa unga wa yanga, na yanga hakuitaka kabisa. Mahindi yale ya njano yalishushwa bandarini, nasi tukapanga foleni kwenye duka la ushirika kuupata unga wake. Ugali wake ulinuka gunia. Mtoto akiona tonge, anafumba mdomo.

Tuliishi Kariakoo, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi. Mama alifanya kazi ya zamu kiwanda cha nguo, kwa hiyo mtoto alishinda na bibi, mzaa mama. Bibi alikuwa na njia yake. Alitia tonge kinywani, akalitafuna taratibu, akalitoa kwa vidole viwili na kumlisha mtoto. Mtoto alimeza na kutaka jingine.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, najua kila kitu. Siku moja, wapangaji wakiwa uani wanachambua mchicha, nikamwambia bibi kwamba anamlisha mtoto vijidudu. Nilipaza sauti makusudi, wasikie kwamba nimesoma. Bibi alinawa, akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Haya, mwanangu. Mlishe wewe uliyesoma."

Tangu siku ile hakutafuna tena. Nilipika uji, nikauchuja, nikabembeleza, nikaimba. Mtoto alilamba kidogo na kugeuza uso. Wiki ya pili mbavu zake zilianza kuonekana, na mama akarudi kutoka kliniki na kadi inayoonyesha uzito umeshuka. Niliogopa sana, lakini kiburi kilinizuia kusema neno.

Ndipo mwalimu wetu wa biolojia akatutafunisha vipande vya ugali bila kumeza. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, maana ugali uligeuka mtamu. Alitia uji mwembamba wa wanga katika vichupa viwili, kimoja akakiongezea mate. Baada ya muda akadondosha ayodini, dawa inayogeuka nyeusi penye wanga. Kisichokuwa na mate kikawa cheusi tii; chenye mate kikabaki na rangi ya chai. Mate yana kimeng'enya, alisema, kinachovunja wanga kuwa sukari. Akilini nilimwona bibi na tonge lake, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mtu mwingine angeenda kuomba radhi. Mimi nilitaka kwanza kupata ushindi. Nilitema mate kwenye uji wa mtoto, nikauchemsha ukatokota vizuri, nikiamini vijidudu vitakufa na utamu utabaki. Uji ulibaki mzito vilevile, na mtoto akautema wote kwenye gauni langu.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu, bila kumtaja mtoto. Aliniwekea vichupa vitatu vya wanga na mate: kimoja kwenye barafu, cha pili kwenye maji ya uvuguvugu, cha tatu akakitilia mate yaliyokwisha kuchemshwa. Cha uvuguvugu kilifanya kazi upesi. Cha barafu kilizubaa, kikaamka kilipopashwa joto. Cha tatu, kilipodondoshewa ayodini, kilikuwa cheusi, na cheusi kikabaki.

"Ukiyachemsha umeyaua," mwalimu alisema. "Mate yanataka joto la kinywa tu."

Jioni ile nilimkuta bibi uani, na wapangaji walewale. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa sauti ileile niliyomtukania. Nilimweleza yote, hata habari ya uji niliouchemsha. Wapangaji walicheka. Bibi hakucheka. Alikata tonge la yanga, akaliweka kiganjani mwangu.

"Tafuna wewe leo."

Nilitafuna. Harufu ya gunia ilipungua, utamu ukaja polepole, na mwili mzima ukanidai nimeze. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe cha uji tu. Mwaka ule watu wazima walikula mara moja kwa siku, na bibi alikula wa mwisho, kama kimebaki kitu. Koo lilikwishaanza kuvuta lenyewe nilipomwona ananitazama.

"Hapo ndipo pagumu, mwanangu," alisema.

Nililitoa tonge kwa vidole viwili. Mdogo wangu alifumbua mdomo.