Jani la Isale la Aikande

"Basi likaange tule, Mama Violet! Maana kulipeleka huwezi."

"Punguza sauti, Baba Violet. Majirani watasikia."

"Wasikie lipi wasilolijua? Ua wetu umeota kipara kwa kukatwa majani. Jana mbuzi wa jirani Meitamei kapita pale kwenye pengo kama mkaguzi, hata hodi hakupiga!"

Aikande akalibana kifuani jani la isale, lile la kuombea msamaha. Kila Jumamosi hukata moja bichi, akalipiga fundo kama mama yake alivyomfundisha, akajifunga kitenge cha kanisani, akashuka barabarani apande gari la Kikatiti, akamwombe radhi dada yake Elihuruma. Na kila Jumamosi hurudi nalo limesinyaa. Makondakta wameshaacha kumwita, siku hizi wanamuaga tu. Mwanamke huyuhuyu aliwahi kumtimua fisi kwa mwiko, fisi akakimbia mpaka Monduli, na mpaka leo akisikia harufu ya ugali anatubu! Lakini mlango wa dada yake unamshinda.

Kosa ni neno moja. Siku ya kumzika mama yao, mbele ya waombolezaji, alimwambia dada yake: "Umekuja kulia, kuuguza hukuja." Tangu hapo, kimya. Akipika ndizi, ukoko wa chungu bado anaubakiza pembeni. Sifael, mumewe, hali ukoko. Aliyeugombania ni Elihuruma, enzi zile wakilala blanketi moja, mmoja akivuta, mwingine akiumwa baridi na kucheka.

"Isale haikataliwi," Sifael akasema, sasa kwa upole. "Hata aliyechomewa nyumba huipokea."

"Jani atalipokea. Mimi je? Akinikaribisha kama mgeni, na kiti akinifutia vumbi, nitarudi na nini? Sasa hivi angalau namkumbuka akicheka."

"Twende wote. Nitakushika mkono kama siku ya harusi."

"Siku ya harusi aliyekuwa anatetemeka ni wewe!"

Wakacheka kidogo. Aikande akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nikifika nianze na lipi?"

"Anza na shikamoo, kama mtoto aliyelelewa."

Mlango wa jikoni ukasukumwa. Elihuruma alisimama kizingitini akihema, matope hadi magotini, majani ya ua yamemnasa kwenye kilemba.

"Nimepita kwenye pengo," akasema. "Makondakta wamenichosha. Kila wiki wananiambia umefika stendi, umerudi."

Aikande akainuka, jani mkononi. "Shikamoo, da—" Kabla hajamaliza, Elihuruma alikuwa ameshalipokea jani na kuuliza ukoko uko wapi.