Maharage Matamu ya Mwanaisha

Miaka ya mwanzo ya rukhsa, biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye akiba Korogwe alikuwa anafungua duka la mitumba, Mwanaisha alifungua duka la vitamutamu. Namjua vizuri kwa sababu cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la nyumba yake, karibu na mlango. Mimi ni Kasmiri, fundi nguo. Mitumba ilikuwa imenichukulia wateja wangu karibu wote, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kutazama ya jirani.

Mwanaisha alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, kule Handeni, aliyeolewa na Ukasha, mtu wa reli Mnyuzi. Alijifunza kashata na visheti kwa mama yake mdogo, na kabla ya duka alikuwa akivitembeza kwenye sinia. Enzi za foleni, sukari ilipokuwa inatolewa kwa kugawiwa, sinia lake halikuwa linafika stendi. Watu walimkamata njiani. Kisha milango ikafunguliwa. Sukari ikajaa madukani, na pamoja nayo zikaja biskuti za pakiti na peremende za karatasi zinazong'aa kutoka nje. Watoto wakazikimbilia. Ikawa jioni Mwanaisha anarudi na sinia likiwa bado zito.

"Fundi," aliniambia siku moja, "sukari ilipokuwa haipo, walinitafuta. Sasa ipo, wananipita." Alicheka, lakini alichelewa kugeuka, nikamwona macho.

Mwaka huo huo alipata mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwa Mjapani, binti mwembamba jina lake Setsuko, aliyekuja kwa kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Wanafunzi walishindwa jina wakamwita Mwalimu Setu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya sinia, akachukua kashata ya karanga, akaila polepole amefumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Shikamoo, mama. Nani alikufundisha?"

"Marahaba, mwanangu. Mama yangu mdogo. Kwani imeharibika?"

"Hapana. Baba yangu anatengeneza kitu kinachofanana na hiki. Ana duka."

Basi kuanzia hapo jioni zetu barazani zikawa za hilo duka. Setsuko alisema lilikuwa la babu yake, na kabla yake la baba wa huyo babu, katika mji mdogo wa milimani ambako theluji hufika madirishani. Mlangoni huning'inizwa pazia la kitambaa cha buluu. Pazia likiwa nje, duka liko wazi. Likiondolewa, vitu vimekwisha, na hakuna kinacholala mpaka kesho. Alisema baba yake anaamka alfajiri, anafinyanga kimoja kimoja kwa mkono, na kila majira yana umbo lake: maua yakichanua, anafinyanga ua, majani yakigeuka mekundu, anafinyanga jani. Mteja anakula kimoja tu, taratibu, na kikombe cha chai chungu isiyo na sukari.

"Chai bila sukari?" Mwanaisha alishtuka. "Kuna aliyefiwa?"

Lakini kilichomshinda kabisa kilikuwa kilichomo ndani ya vitamutamu hivyo.

"Maharage," alisema Setsuko.

"Maharage haya haya? Ya mboga?"

"Ya mboga. Tunayapika na sukari."

Mwanaisha alinitazama mimi ahakikishe kama nami nimesikia.

Pamoja na hayo, alikuwa mwanamke asiyeweza kulala na swali la jikoni. Siku ya Jumapili walinunua maharage mekundu yaliyoshuka kutoka Lushoto, wakayaloweka, wakayachemsha mpaka yakalegea, wakakamua maganda kwa kitambaa, wakarudisha motoni na sukari mpaka yakawa mazito yanayoshika mwiko. Hilo lilikwenda. Tatizo likawa ngozi ya nje. Kwao Setsuko, watu hutwanga mchele uliopikwa kwa mvuke mpaka unavutika kama mpira. Mchele wetu walipoutwanga haukuvutika. Walipata kitu ambacho Tatu, binti wa Mwanaisha, alikiita uji uliopigwa.

Setsuko alikaa kando ya kinu akiwa amekata tamaa. Mwanaisha akajifuta mikono.

"Unataka kitu kinachovutika? Mbona hukusema? Sisi Wazigua tumekila tangu utotoni."

Akasonga bada, ule ugali wa muhogo, laini kuliko wa kulia mchuzi. Wakachukua donge la maharage matamu, wakalifunika kwa bada, wakaliviringisha kwenye unga wa karanga zilizokaangwa. La kwanza nililetewa mimi. Sikuweza kusifu wala kulaumu kwa muda kidogo, kwa kuwa meno yalikuwa yameshikana. Yalipoachana, niliomba la pili.

Wateja hawakuwa wepesi kama mimi. "Mama Tatu, siku hizi unauza mboga kwenye sinia la kashata?" waliuliza, na kupita. Kwa wiki nzima tulikula wenyewe. Aliyevunja mwiko alikuwa Nanyori, Mmaasai wa upande wa Handeni aliyekuja siku za gulio na maziwa. Hakuuliza kuna nini ndani. Alikula moja akiwa amesimama, akatikisa kichwa, akaketi, akala lingine.

"Hii inakaa tumboni," alisema. "Zile za karatasi ni upepo." Akafungiwa mengine ya njiani.

Maneno ya Nanyori yalisafiri naye. Watu wa mabasi wakaanza kuyaulizia madonge hayo kwa sababu yanashibisha safari, na kwa kuwa hayakuwa na jina, wakayaita setu. Mwanaisha akaacha kutembeza sinia, akageuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa duka. Mimi nilimshonea pazia la mlangoni kwa vipande vya kitambaa cha buluu vilivyobaki kwenye sketi za shule. Setsuko alipoliona limening'inia, aliingia chumbani kwake, hakutoka mpaka chakula cha jioni.

Baadaye alimweleza Mwanaisha kilichomliza. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake alitaka arudi ashike duka, na walikuwa wameachana kwa maneno makali. Muda wake wa kufundisha ulikuwa unakwisha na alikuwa ameomba aongezewe. Habari hizo zilimfikia baba, na mzee akaamua kuja mwenyewe.

Alishuka kwenye basi la Dar es Salaam akiwa na shati jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, sijui alifanyaje. Mzee Kurihara. Alitusalimia kwa kuinama, lakini uso ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Amekuja kunichukua," Setsuko alimnong'oneza Mwanaisha.

"Kwanza ale."

Mwanaisha aliweka setu kwenye sahani nzuri, na kwa heshima akamtilia chai isiyo na sukari, ingawa mkono ulisita. Mzee alikata kipande, akatafuna, akatazama dirishani. Kisha akasema maneno mengi. Setsuko alitazama sakafu.

"Anasemaje?"

"Anasema asante."

"Mwongo wewe. Asante haina urefu huo."

"Anasema maganda hayakutoka yote. Na sukari uliitia mapema, mama, na yote kwa mkupuo."

Mwanaisha akainuka. Nilidhani anamtoa mzee nje. Badala yake alijifunga khanga kiunoni, akaleta sufuria, maharage na kitambaa, akavitua mbele yake.

"Mwambie anionyeshe."

Mzee alikunja mikono ya lile shati jeupe. Hapo ndipo uso wake ulipoanza kufunguka. Alimwonyesha namna ya kuosha maharage yaliyopondwa kwenye maji mengi, kuyaacha yatulie, kumwaga, na kurudia. Kisha kutia sukari kidogo kidogo, mwishoni. Mwanaisha naye alimpa sukari guru aionje. Mzee aliinusa, akavunja pembe, akaiweka ulimini, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko cha mtoto aliyeiba kitu. Alikuwa ameleta mzigo wa siku chache tu, lakini kila asubuhi tulimkuta jikoni. Setsuko akirudi shuleni aliwakuta wanabishana juu ya moto, huyu kwa Kizigua, yule kwa Kijapani, na hakuna aliyemhitaji mkalimani.

Siku moja mzee aliuliza, kupitia kwa binti yake, masika ya hapa yana umbo gani. Mwanaisha alifikiri sana. Tatu akapendekeza hindi, mimi nikasema wingu.

"Kumbikumbi," alisema Mwanaisha. "Mvua ikipiga, hao ndio wanaotoka."

Ilibidi wamweleze mzee kwamba ni mdudu, tena kwamba tunamla. Hakushangaa. Alikwenda kwa Dominiko seremala, akaomba kipande cha mninga, akachonga kibao chenye kishimo cha umbo la kumbikumbi, mabawa yote manne. Maharage yaliyokaushwa kidogo ukiyakandamiza humo, anatoka kumbikumbi kamili.

Lakini siku ya kuondoka kwake ilipokaribia, alimwambia Setsuko afunge mizigo. Binti akaja jikoni na macho mekundu. Mwanaisha aliepua sufuria.

"Sasa utanitafsiria," alimwambia, "na usinikatie hata neno. Mwambie hivi: binti yako hakulikimbia duka lako. Mtu akikimbia kitu hakibebi. Huyu alikibeba mpaka Korogwe, akaniwekea mlangoni kwangu."

Setsuko alianza, akashindwa, akalia. Mzee alimngoja. Akaanza tena, akafika mwisho. Mzee alichukua mwiko, akaufuta taratibu kwa kitambaa, juu na chini, ingawa ulikuwa safi. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini.

"Anasema," alisema Setsuko, "alidhani siku zote zile dukani sikuwa natazama. Hakujua kwamba nakumbuka hata namna ya kukamua maganda."

Mzee Kurihara aliondoka peke yake. Setsuko alifundisha mpaka muda wake wa nyongeza ukaisha, halafu akarudi kwao, akaingia dukani kwa baba yake. Nilimuuliza siku ya kumuaga kama amekubali kushindwa. Alisema hapana, safari hii hakuna aliyemwamuru.

Masika yaliyofuata, kumbikumbi wa maharage waliwateka watoto wa Korogwe. Waliwang'oa mabawa kwanza, kama wanavyofanya kwa wale wa kweli, kisha wakala mwili. Wenye kufungua maduka makubwa waliendelea kuleta biskuti zao, na Mwanaisha hakuwashinda. Alipata tu watu wake, wakamtosha. Adhuhuri, vitu vikiisha, aliondoa pazia, akaja kukaa karibu na cherehani yangu akinyoosha miguu.

Picha ilifika baadaye: Setsuko na mzee wake wamesimama mbele ya duka, mkononi mwa mzee sinia la kashata za karanga zimekatwa pembe nne. Mwanaisha aliitazama karibu, akaitazama mbali.

"Amenenepa, mzee wa watu," alisema kwa furaha. "Lakini kashata amezikata nyembamba mno. Huyu inabidi arudi nimfundishe."

Magoti yalipomchosha alimwachia Tatu duka, akahamia Kwaluguru shambani na Ukasha aliyekwisha kustaafu. Mara ya mwisho nilipomtembelea, kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Alinipokea na mikono imejaa udongo, akanilazimisha nikae kivulini, akaingia ndani kuchemsha chai huku akiniuliza kwa sauti kubwa kama siku hizi nakula vizuri.