Kisu cha Harusi ya Mama Mdogo

Haya jamani, sogezeni viti. Leo nimepita buchani hapa Chang'ombe, muuza nyama anamwagia maji jiwe la kunolea, na ile harufu ya jiwe lililoloa ikanirudisha kwa bibi, siku anayoolewa mama mdogo.

Bibi kaegemeza jiwe lake, limelala mshazari kama paa la nyumba, anasugua kisu shaa, shaa. Watu wa bwana harusi wameshafika kutoka Bahi, wana njaa ya kumeza ng'ombe na pembe zake. Lakini aliyeitwa kuchinja, babu mmoja jirani yetu, mtu wa Kondoa, kakikataa kisu mara mbili.

"Mama, kisu butu kinamtesa mnyama. Ukiniletea butu tena, naenda zangu."

Bibi alikuwa anakijaribu kwenye mikono ya wajomba, kawanyoa wote mpaka wanang'aa kama sufuria. Nywele za mkononi zimeisha ukoo mzima! Akanigeukia mimi. Na mimi nimesukwa siku mbili kwa ajili ya harusi hiyo.

"Njoo, mjukuu wangu. Kidogo tu, hapo kisogoni."

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa woga tu.

"Marahaba. Inama."

Nikainama. Ubaridi wa kisu ukanigusa, maji yakanichuruzika mgongoni. Hata ng'ombe kaacha kutafuna. Nikainua macho nikamwona yule babu kasimama mbele yangu, nikapiga ukelele:

"Bibi, anayekikataa ni yeye, na ndevu anazo mpaka kifuani!"