Nimedanganya mama na binti yangu kwa simu moja

Leo nimedanganya watu wawili kwa simu moja.

Mama yangu yuko Bukavu, anajua Kimashi peke yake. Binti yangu Neema ana miaka saba, amezaliwa hapa Nyeri. Kikuyu anaongea kama majirani. Kimashi, hata salamu hajui. Kosa ni langu, najua.

Mchana mama akapiga, akataka kuongea na mjukuu. Nikaweka spika, nikawa mkalimani.

Mama akasema, "Mwambie nitakufa kabla hajaniita nyanya."
Nikamwambia Neema, "Nyanya anakusalimia."

Neema akasema, "Mwambie niko na kazi ya shule."
Nikamwambia mama, "Anasema anakupenda sana."

Mama akaanza kulia.

Neema akaniangalia. "Mama, kwani salamu inaliza mtu?"

Nikamwambia ukweli wote.

Akachukua simu, akaniambia, "Nifundishe kusema nyanya kwa Kimashi."

Nikamtajia neno, akalitamka vibaya kabisa. Mama akacheka huku analia, akasema arudie. Wamerudia mpaka salio likaisha.

Sasa Neema ananifuata kila chumba akiuliza maneno mengine, na mimi siwezi kutulia, maana mengine nimeyasahau.

Ninyi mnaolea watoto mbali na kwenu, mkisahau maneno ya kwenu mnamuuliza nani?